Je, Wajua? Vitu vya Kale Husema Bila Kukatwa

Makumbusho yana kanuni isiyo na mjadala: kitu kilichobaki kimoja duniani hakikatwi ili kuridhisha udadisi. Lakini udadisi nao haukatiki. Rangi hii ilitoka wapi? Jambia hili lilifuliwa kwa chuma gani? Ramani hii ni ya kweli au ya kughushi? Zamani majibu yalidai kipande kikwanguliwe, kisagwe, kiyeyushwe kwenye asidi. Siku hizi wataalamu huuliza kwa mwanga, kwa eksirei, hata kwa chembe zinazozaliwa angani, kisha kitu hurudi kabatini kikiwa kizima. Soma baadhi ya waliyoyapata.

Kipimo cha kwanza kilikuwa maji

Je, wajua kuwa kisa maarufu kuliko vyote cha kupima kitu bila kukikata kina zaidi ya miaka 2,200? Mfalme Hieron wa Pili wa Syracuse, katika kisiwa cha Sicily, alimpa sonara dhahabu amtengenezee taji la kuwatolea miungu. Taji likaja na uzito uleule, ila fununu zikavuma kwamba sonara kaiba dhahabu na kujazia fedha. Taji la miungu nani athubutu kulikata? Archimedes akaona njia. Sentimita moja ya ujazo ya dhahabu ina gramu 19.3, ya fedha ina 10.5 tu. Kwa hiyo taji lenye fedha ndani yake huwa na ujazo mkubwa kuliko dhahabu tupu ya uzito huohuo, na likizamishwa hupandisha maji zaidi. Aliyetusimulia ni Vitruvius, msanifu majengo wa Kirumi aliyeandika karibu miaka 200 baadaye, kwa hiyo huenda kisa kimetiwa chumvi. Kipimo chenyewe hakina chumvi: masonara wanakitumia hadi leo.

Kitabu cha Archimedes kilichosomwa chini ya sala

Archimedes huyohuyo naye alikuja kuokolewa na uchunguzi usioharibu. Katika karne ya 10 mwandishi mmoja alinakili kazi zake kwenye ngozi. Mwaka 1229 ngozi ile ikakwanguliwa, ikakunjwa upya na kuandikwa kitabu cha sala, kwa kuwa ngozi ilikuwa ghali na hisabati haikuwa na wateja. Katika karne ya 20 mtu mwingine akaongeza uharibifu: akapaka picha bandia zenye dhahabu juu ya kurasa kadhaa ili kitabu kipate bei.

Kiliuzwa New York mwaka 1998 kwa dola milioni 2, na mnunuzi akakikabidhi kwa makumbusho ya Walters huko Baltimore kichunguzwe. Kurasa nyingi zilisomeka kwa kupigwa picha chini ya mwanga wa rangi mbalimbali. Zile zilizofunikwa na picha bandia zilikataa. Mwaka 2005 zikapelekwa Stanford, California, zikamulikwa kwa eksirei kali inayotafuta elementi moja tu: chuma, kwa sababu wino wa zamani ulikuwa na chuma ndani yake. Maandishi yakajitokeza kwenye skrini, mstari kwa mstari, huku picha ya juu haijaguswa. Miongoni mwa kazi zilizomo ni kile kitabu chake kuhusu vitu vinavyoelea, na hii ndiyo nakala pekee ya Kigiriki iliyobaki. Wahenga wa pwani wangesema: usione vyaelea, vyaundwa.

Bastola isiyoua

Kifaa kinachobebwa zaidi na wachunguzi wa vitu vya kale kina umbo la bastola, kizito kama kilo moja na nusu hivi. Ukikielekeza kwenye sarafu na kubonyeza, kinarusha eksirei zinazong'oa elektroni za ndani kabisa za atomu. Elektroni za nje zinashuka kuziba pengo, na kila inaposhuka moja hutoka eksirei nyingine yenye nguvu maalumu. Shaba ina nguvu yake, risasi yake, zebaki yake, wala haziigani. Baada ya dakika moja au mbili unapata orodha ya elementi.

Aliyethibitisha kwamba kila elementi ina saini yake ya eksirei ni kijana Mwingereza, Henry Moseley, mwaka 1913. Miaka miwili baadaye aliuawa vitani Gallipoli, akiwa na umri wa miaka 27.

Bastola hii ina udhaifu ambao mtumiaji mzuri haufichi: huona ngozi ya juu tu. Sarafu ya shaba iliyopakwa dhahabu itajibu "dhahabu". Shaba iliyozikwa karne nyingi huota kutu yenye mchanganyiko tofauti na wa ndani. Elementi nyepesi kama kaboni hazionekani kabisa. Nyumba njema si mlango, na mtaalamu asiyekumbuka hilo hupotosha kwa takwimu zenye nukta nyingi.

Ramani iliyoumbuliwa na rangi nyeupe

Mwaka 1965 Chuo Kikuu cha Yale kilitangaza ramani ya dunia iliyosemekana kuchorwa mnamo 1440. Magharibi mwa Atlantiki ilionyesha kisiwa kiitwacho Vinland, yaani sehemu ya Amerika ya Kaskazini, miaka 50 kabla ya safari ya Columbus. Dunia ikashtuka.

Ngozi yake ni ya karne ya 15 kweli. Vipimo vya kaboni vilithibitisha. Tatizo lilikuwa wino. Katika miaka ya 1970 vipande vidogo vya wino vilivyokwanguliwa vilionekana kuwa na titani ya aina inayotengenezwa kiwandani. Wabishi wakasema vipande ni vichache mno, pengine ni uchafu tu. Ubishi huo uliendelea kwa miongo kadhaa, hadi wataalamu wa Yale walipoipitisha ramani yote chini ya eksirei bila kuikwangua hata chembe. Mwaka 2021 walitoa jibu: titani imo kwenye mistari na maandishi, mwanzo hadi mwisho, ilhali hati halisi za wakati ule wino wake una chuma. Rangi nyeupe ya titani ilianza kutumika kwenye wino katika miaka ya 1920. Njia ya mwongo ni fupi, ingawa hii ilichukua miaka 56 kufika mwisho.

Jambia la mfalme na jiwe la Mbozi

Tutankhamun wa Misri alizikwa zaidi ya miaka 3,300 iliyopita akiwa na jambia la chuma pajani, lenye mpini wa dhahabu. Kilichowashangaza wengi ni kwamba wakati huo Wamisri walikuwa bado hawajazoea kuyeyusha chuma kutoka kwenye mawe. Sasa chuma kile kilitoka wapi?

Mwaka 2016 watafiti wa Italia na Misri walichapisha jibu walilolipata kwa bastola ya eksirei katika makumbusho ya Cairo. Bapa la jambia lina nikeli karibu asilimia 11 pamoja na kobalti kidogo. Chuma cha ardhini kilichofuliwa zamani hakina nikeli kiasi hicho. Chuma cha vimondo kinacho. Mfalme alizikwa na kipande cha anga.

Msomaji wa Tanzania ana cha kulinganisha nacho karibu na nyumbani: Kimondo cha Mbozi, mkoani Songwe, chenye urefu wa mita 3 hivi. Nacho ni chuma chenye nikeli inayokaribia asilimia 9. Tofauti iko katika namna ya kupima: mwaka 1930, ili kujua kimeumbwa kwa nini, ilibidi msumeno ukate kipande chake.

Bakuli la kaburini na safari yake mara mbili

Kwenye makaburi ya kale ya nguzo katika pwani yetu, kama yale ya Kunduchi na Mambrui, waashi walipachika mabakuli ya kaure ya Kichina kwenye chokaa. Ukilikuta bakuli jeupe lenye maua ya buluu, ile buluu ni kobalti, na kobalti haiji peke yake. Ile iliyochimbwa China huandamana na manganisi nyingi. Ile iliyoagizwa kutoka Uajemi ina manganisi kidogo na chuma kingi. Eksirei hupima uwiano huo bila kubandua bakuli wala kigae.

Kwa njia hiyo imejulikana kwamba wafinyanzi wa Jingdezhen, katika karne ya 14 na mwanzoni mwa ya 15, walipenda sana kobalti ya Uajemi. Fikiria basi mkondo wa biashara: rangi inavuka Asia kwenda China, inachomwa tanuruni juu ya kaure, kisha inapanda jahazi na kurudi magharibi, ikivuka bahari hadi Malindi au Kilwa.

Ushanga unaotaja kwao

Unguja Ukuu, kusini mwa kisiwa cha Unguja, ulikuwa mji wa biashara katika milenia ya kwanza. Udongo wake umetoa shanga za kioo kwa mamia. Kwa macho, ushanga wa India na wa Mashariki ya Kati unaweza kufanana kama mapacha. Kioo hutengenezwa kwa mchanga na magadi, na kila nchi ina mchanga wake. Kioo cha Asia Kusini kilichosafirishwa kwetu kina alumini nyingi. Kile cha Mashariki ya Kati kilichotiwa majivu ya mimea kina magnesi na potasi zaidi.

Hapa wapimaji hutumia leza inayochoma kitundu kidogo kuliko jicho linavyoweza kuona na kupima moshi wake. Si kutoharibu kabisa, ila ushanga unabaki ushanga. Shanga nyingi za Unguja Ukuu zilijibu kuwa kioo chake ni cha Asia Kusini: ushahidi wa pepo za kaskazi kufanya kazi zaidi ya miaka elfu moja iliyopita.

Mtoto wa Panga ya Saidi

Je, wajua kuwa binadamu wa kale aliyezikwa Kenya anaitwa Mtoto katika maandishi ya kisayansi ya dunia nzima? Pango la Panga ya Saidi liko kaunti ya Kilifi, kilomita 15 hivi kutoka baharini. Mwaka 2013 wachimbaji waliona dalili za mifupa, na mwaka 2017 wakafikia shimo la mviringo, mita 3 hivi chini ya sakafu ya pango. Mifupa iliyokuwamo ilikuwa imeoza kiasi kwamba ikiguswa inageuka unga.

Wakafanya uamuzi wa busara: wasichimbe tena. Walizungushia udongo wote plasta, wakaung'oa kama bonge moja na kuupeleka Makumbusho ya Taifa ya Kenya, Nairobi. Meno mawili yaliyojitokeza juu yaliashiria kuwa huyu ni mtu. Bonge likasafirishwa hadi kituo cha utafiti wa mageuzi ya binadamu mjini Burgos, Hispania. Huko mashine ndogo ya CT, ndugu wa ile ya hospitalini ila yenye jicho kali zaidi, ilipiga maelfu ya picha za vipande vyembamba, na kompyuta ikazipanga upya kuwa umbo. Usafishaji wa mkono ulifanyika pia, taratibu sana, ukiongozwa na picha hizo.

Ndani ya bonge alikuwamo mtoto wa miaka miwili na nusu hadi mitatu, amelala ubavu wa kulia, magoti yamekunjwa kuelekea kifuani. Mifupa ya bega na mbavu ilibaki katika mkao unaotokea mwili unapofungwa kwa nguo, majani au ngozi. Kichwa kilikuwa kimeinama kwa namna inayoonyesha kilikuwa kimeegemezwa juu ya kitu laini kilichooza baadaye, yaani mto. Umri wa kaburi ni miaka 78,000 hivi. Matokeo yalichapishwa Mei 2021, na hadi wakati huo hakukuwa na maziko ya kukusudia ya zamani zaidi yaliyojulikana barani Afrika.

Habari za sanda na mto zimo katika pembe za mifupa, si katika mifupa yenyewe. Kama wangeichomoa mmoja mmoja, tungepata mabaki ya mtoto na kupoteza maziko yake.

Buluu inayowaka gizani

Wamisri wa kale walitengeneza buluu kwa kuchoma mchanga, chokaa na shaba. Inahesabiwa kuwa rangi ya kwanza duniani kutengenezwa na binadamu badala ya kuchimbwa. Ina tabia ya ajabu: ukiimulika kwa mwanga wa kawaida, hutoa miale ya infraredi ambayo jicho haliioni ila kamera huiona. Kamera ya kawaida iliyoondolewa kichujio chake cha infraredi inaweza kuinasa. Mwaka 2009 ilitumika kwenye sanamu za marumaru za Parthenon zilizoko London, na mkanda wa mungu-mke Iris ukang'aa kwa chembe za buluu ambazo hakuna aliyekuwa akiziona. Sanamu tulizozizoea zikiwa nyeupe zilikuwa zimepakwa rangi.

Mwanamke chini ya majani

Vincent van Gogh alikuwa maskini, na maskini hatupi turubai. Mwaka 1887, akiwa Paris, alichora majani ya kijani juu ya picha yake ya zamani. Eksirei ya kawaida ilionyesha kivuli cha kichwa tu. Mwaka 2008 turubai ilipelekwa kwenye mtambo mkubwa mjini Hamburg, na eneo la sentimita 17.5 kwa 17.5 likapitiwa nukta kwa nukta kwa siku mbili. Ramani ya zebaki ikaonyesha wekundu wa ngozi na midomo. Ramani ya antimoni ikaonyesha njano ya pale mwanga ulipoangukia usoni. Zilipounganishwa, akatokea mwanamke wa kijijini Uholanzi, na rangi zake.

Hati zilizogeuka makaa

Mlima Vesuvius ulipolipuka mwaka 79 BK, joto liligeuza maktaba nzima ya mafunjo katika mji wa Herculaneum kuwa makaa. Waliojaribu kuyafungua tangu karne ya 18 waliyavunja mengi. Eksirei nayo ilikwama, maana wino ni kaboni na karatasi iliyoungua ni kaboni. Suluhisho lilikuwa kuifundisha kompyuta kutambua nyufa ndogo mno ambazo wino mkavu huacha juu ya funjo. Oktoba 2023 mwanafunzi wa Marekani, Luke Farritor, alisoma neno la kwanza kutoka kwenye gombo lisilofunguliwa la maktaba hiyo: neno la Kigiriki la rangi ya zambarau. Mwanafunzi wa Kimisri, Youssef Nader, alilipata neno hilohilo kivyake. Februari 2024 wao pamoja na Julian Schilliger walitwaa zawadi ya dola 700,000 kwa kusoma herufi zaidi ya 2,000. Mwandishi wa gombo anazungumzia raha, chakula kikiwamo.

Piramidi lililopigwa picha na anga

Muoni ni chembe zinazozaliwa miale ya anga za juu inapogonga hewa. Kila dakika kama 10,000 huanguka kwenye kila mita ya mraba ya ardhi, na hupenya mawe, ila mawe mengi huzipunguza. Ukizihesabu ndani ya piramidi, upande zinakozidi ndiko kwenye uwazi. Mwaka 2017 hesabu hiyo ilifichua uwazi wa angalau mita 30 ndani ya Piramidi Kuu la Giza. Mwaka 2023 ujia mwingine, wa mita 9 hivi, ulithibitishwa kwa kupenyeza kamera nyembamba kati ya mawe.

Mjusi ndani ya shaba

Eksirei hushindwa na chuma kinene na risasi. Nutroni hupita humo kwa urahisi, na huzuiwa na vitu vyenye hidrojeni, kama mifupa, nguo na utomvu. Mwaka 2023 watafiti wa Uingereza walichapisha picha za nutroni za visanduku vidogo vya shaba vya Misri vilivyozibwa. Ndani ya baadhi yake mlikuwa na mifupa ya mijusi na mabaki ya vitambaa, vikiwa vimefungwa tangu siku ya kuzibwa.

"Bila kuharibu" nako kuna gharama

Chungu hutunza nishati ya mionzi ya ardhini tangu kilipotoka tanuruni, na kiasi hicho hutumiwa kukadiria umri wake. Ukikipiga eksirei nzito au CT, unakiongezea mionzi, na chungu kitajidai kizee kuliko kilivyo. Ndiyo maana maabara makini huweka kumbukumbu ya kila miale iliyowahi kukigusa kitu, na huchukua sampuli ya umri kwanza ikiwa umri utaulizwa.

Na wewe ukiokota?

Mkulima, mvuvi au mwashi ndiye mara nyingi wa kwanza kukutana na kitu cha kale. Usikisugue kwa ndimu, mchanga wala sabuni ya unga. Sarafu iliyong'arishwa hupoteza kutu inayoeleza ilizikwa katika hali gani, na chungu kilichooshwa hupoteza mabaki ya chakula cha mwisho kupikwa humo. Kipige picha pale pale kilipo, pima kina chake, weka alama ya mahali, kisha wajulishe watu wa Mambo ya Kale au makumbusho ya taifa. Mashine zilizotajwa hapa zinaweza kusema kitu kimeumbwa kwa nini au kina nini ndani yake. Hakuna hata moja inayoweza kusema kiliokotwa wapi. Hilo unalo wewe tu.